Jumanne Alizopewa Sista

Ule ulikuwa mwaka ambao sisi watu wa nyama tulikula maharagwe. Ukitaka kujua ni mwaka gani, usiniulize tarehe. Muulize mzee yeyote wa Garissa ni lini alifuturu Ramadhani nzima kwa githeri ya msaada, mahindi na maharagwe, bila kipande cha mbuzi, bila supu, bila hata mfupa wa kulamba. Atakuambia, na tumbo lake litanguruma kwa kukumbuka. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya vumbi. Barabara ya Nairobi ilikatika, malori yakazama porini mpaka kwenye vioo, sukari ikawa inakuja kwa ndege kama mgeni wa serikali. Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba na kufa. Kisha watu wakaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Gari likapita na kipaza sauti: hakuna kuchinja, hakuna kula nyama, hakuna kunywa maziwa mabichi. Hebu fikiria. Kumwambia Msomali asiguse nyama wala maziwa ni kama kumwambia avue ngozi yake aitundike msumarini. Wanaume wazima walikaa kwenye vibanda vya chai wamevimba matumbo kwa maharagwe, wakijamba na kumsingizia punda wa maji.

Naandika haya kwa Kiswahili, na najua binti zangu watacheka. Kisomali ndicho changu. Kiswahili nilikiokota sokoni, na kuandika nilijifunza kwenye darasa la ngumbaru nikiwa tayari nina wajukuu. Lakini jambo hili liliniuma kwa Kiswahili, kwa hiyo acha likae humo humo. Na wajukuu wangu wa Nairobi, ambao Kisomali wanakitafuna kama mtu mwenye meno mabovu, watalisoma.

Nilikuwa muuza maziwa. Nitajisifu kwa sababu ni kweli: katika mstari wote wa akina mama wa soko la maziwa, hakuna aliyekuwa na maziwa ya ngamia yenye harufu kama yangu. Kibuyu changu kilikuwa cha kusukwa kwa mizizi, kazi ya mikono ya mama yangu mzazi, na kila asubuhi nilikifukiza ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi mtamu. Mtu akinywa, hata ukimfunga macho, alijua yametoka kwangu.

Cha pili cha kujisifia kilikuwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali. Land Rover nyeupe, king'ora juu, na ufunguo ameufunga kwenye mkanda wa suruali ili kila mtu auone. Wengine walizaa makarani. Mimi nilizaa mtu ambaye mji mzima ulimpisha njia.

Na kila siku akitoka kazini alipitia kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa mke wake. Aliketi kwenye kigoda, akanywa kikombe cha maziwa kutoka kwenye kibuyu kile, akanisimulia siku yake. "Leo, hooyo, mwanamke amejifungua kabla hatujafika darajani. Mapacha! Mmoja wamempa jina langu." Hooyo ni mama kwa lugha yetu, na yeye alilisema kwa namna yake, akilivuta mwishoni. Mkewe alijua kwamba nyumba yangu ilikuwa ya kwanza. Hakupenda, lakini alikuwa binti mwenye adabu, na mimi sikumwonea huruma. Nilimtangulia kwa miaka mingi.

Kesho yake, kabla jua halijashika, akina mama wa maziwa walikuwa wamenigeuzia shingo. "Abaayo, dada yetu, leta habari." Nilitoa kidogo kidogo. Nilijua nani kavunjika mguu, nani kaumwa na nyoka, nani kazaa wa kiume baada ya mabinti sita. Habari za mwanangu zilikuwa ufalme wangu.

Kisha mvua ile. Mto Tana ulipanda kwenye mashamba, na watu huko ndani wakabaki juu ya visiwa vya matope na mbuzi wao waliokufa. Mwanangu, wabeba machela wawili na muuguzi mmoja walitumwa kuwaleta. Gari likishindwa walipanda mashua, mashua ikishindwa waliingia kwenye helikopta. Walikwenda upande wa Bura, walikwenda upande wa Hulugho, walibeba watu waliokuwa wakivuja damu kama kiriba kilichotoboka. Siku tisa sikumwona.

Aliporudi nilikuwa nimemtafutia maziwa, na niliyachemsha vizuri, kwa sababu mimi si mjinga, tangazo nililisikia. Nikayamimina kibuyuni, nikammiminia kikombe. Akakitazama. Akakigeuza mdomo chini juu ya mkeka, maziwa yakamwagika.

Nikamwambia, kwa mzaha tu, "Unakataa maziwa ya mama yako?"

Aliinuka kama nimemmwagia maji ya moto. Akatoka bila viatu.

Toka siku hiyo sikupata habari tena. Alikuja, ndiyo. Aliegesha gari chini ya mwarobaini nje ya ua wangu, akazima injini, akakaa ndani mikono ikiwa kwenye usukani, kuanzia alasiri mpaka magharibi inaadhiniwa. Haendi, hashuki. Mikono aliiosha kwa dawa ya kufulia nguo mpaka ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Mbuzi akilia, alitokwa na jasho. Siku moja alimpiga ngumi mbeba machela mwenzake, rafiki yake wa toka utoto, kwa sababu tu alikuwa akipiga mluzi. Mkewe alikuja kwangu akaketi chini.

"Eeddo," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kama shangazi, "mume wangu yuko nyumbani lakini hayupo."

"Anakuambia nini?"

"Haniambii kitu."

Astaghfirullah, nilifurahi. Nilifurahi kwamba hata yeye haambiwi. Nimezeeka sasa, sina haja ya kuficha.

Majirani walisema ni miraa. Walisema ni jini la mtoni. Mmoja alisema ni jicho, watu wamemtupia jicho kwa sababu mama yake ana mdomo mkubwa. Tulimwita sheikh akamsomea, na sitasema uongo, Qur'ani ilimtuliza, jioni ile alikula sahani nzima. Lakini sheikh mwenyewe, mtu mwenye busara, aliniambia akivaa viatu, "Mama, kusoma tutaendelea. Ila huyu amebeba maiti wengi kwa mikono yake miwili. Hospitali ina sista, muuguzi wa mambo hayo. Mpeleke."

Sikumpeleka. Mkubwa wake wa kazi ndiye aliyemnyang'anya ufunguo, akamwambia hataupata mpaka amwone sista.

Sista huyo alikuwa ametoka Taita. Alisomea magonjwa ya akili, na aliletwa kwa ajili ya wakimbizi wa kambi za Dadaab, lakini alipofika akaona wale wanaobeba wagonjwa nao wanazama, akaanza nao. Sasa sikiliza. Angekuwa msichana mwenye kiuno cha kutikisika, ningejua la kufanya. Ningemtafutia mwanangu mke wa pili kutoka kwa watu wetu na mambo yangeisha. Lakini alikuwa mwanamke wa umri wangu! Miwani imefungwa kamba shingoni, viatu bapa kama vya askari jela, mvi zimesukwa mistari. Na walisema ana mtoto wa kiume kwao. Sasa kama ana wake, wangu alimtakia nini?

Aliweka viti vya plastiki nyuma ya stoo kuukuu ya dawa, chini ya mti. Kila Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri. Mara nyingine aliketi na wote wanne, dereva, muuguzi na wabeba machela. Mara nyingine aliketi na mwanangu peke yake. Pia alimpa vidonge, nusu nusu. Vidonge nilivivumilia. Kidonge hakina masikio.

Nilimuuliza, "Mnazungumza nini na yule?"

"Mambo ya kazi, hooyo."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Na mimi sijui Kiswahili?"

Akatazama vidole vyake.

Hilo ndilo lililonitia kichaa. Nilimzaa kwa Kisomali, nilimbembeleza kwa Kisomali, nikamtukana kwa Kisomali alipoanguka kisimani. Leo maneno yake yote anayapeleka kwa mtu wa milimani, kwa lugha ya soko, lugha ya kupigania bei ya kitunguu.

Jumanne ya nne nilikwenda. Maziwa mabichi yalikuwa bado marufuku, kwa hiyo siku hizo nilikuwa nikiuza chai ya rangi kwa chupa, nami nikajifanya nimekwenda kuwauzia waliolaza wagonjwa. Nikakaa nyuma ya tangi la maji. Maneno sikuyasikia, lakini niliona mikono. Mikono ya mwanangu ilikuwa ikizungumza! Toka mtoto, akisimulia anatumia mikono, na mimi nilidhani imekufa. Alionyesha maji yalipofika, kifuani. Alishika usukani ambao haupo. Alibeba kitu kizito ambacho hakipo, akakilaza chini taratibu. Kisha akalia. Hata siku tulipomzika baba yake hakulia mbele yangu. Na yule mwanamke hakumnyamazisha, hakumpa leso, hakumwambia wanaume hawalii. Alikaa tu. Alikunywa kilio cha mwanangu kama chakula chake.

Alipomaliza, akafungua chupa yake, akammiminia kikombe.

Chai nyeupe. Nyeupe, wallahi, kwa macho yangu haya. Mwanangu akainywa yote, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Sijui nilifikaje pale. Nilijikuta nimesimama kati ya viti.

"Sista! Umemwekea nini mwanangu kwenye kikombe?"

"Chai, mama. Karibu kiti."

"Chai naiona. Nauliza maziwa. Maziwa ya nani?"

"Ya kopo tu, mama. Ya unga."

"Ya unga!" Nikamgeukia mwanangu. "Nakuchemshia ya ngamia, unayamwaga kwenye mkeka. Huyu anakukorogea unga wa ng'ombe ambaye hata rangi yake hujui, unaomba uongezewe! Unakataa maziwa ya mama yako?"

"Hooyo, nenda nyumbani."

"Siendi. Yale unayomwambia huyu, yaseme hapa na mimi nisikie. Ni nani aliyekuzaa, mimi au yeye?"

"Mama," sista akasema, "hapa hakuna anayeshindania hilo."

"Wewe nyamaza. Wako yuko Taita, nenda ukamkorogee chai huko!"

Nikachukua chupa yake nikaimwaga yote mchangani. Mbeba machela mmoja aliyekuwa akipita alicheka, kisha akaona uso wangu akakimbia. Mwanangu hakucheka wala hakukasirika. Alisimama, akakiweka kikombe kwenye kiti polepole kama kitu cha kuvunjika, akatoka kwa lango la nyuma.

Jumanne tatu hakwenda tena kwa sista. Nami nilidhani nimeshinda. Kila alasiri alikuja kwangu akaketi kwenye kigoda chake cha zamani. Niliwaambia akina mama wa maziwa, "Mnaona? Amerudi." Lakini nilikuwa nimerudisha gunia. Nikimweka pale alikaa, nikimwambia ale alikula, maneno hakuna. Vidonge aliviacha. Kikombe changu cha maziwa kilibaki pale pale kikifanya utando juu, na mimi, mjinga mimi, kila siku nilimwambia yale yale kuhusu maziwa ya mama.

Madereva walikuwa wachache, kwa hiyo hospitali ikampa ufunguo tena. Asubuhi moja, jua limepanda, alisimamisha gari katikati ya daraja la Tana. Halikuwa na mgonjwa ndani, alhamdulillah. Aliacha mlango wazi, akatembea mpaka kwenye vyuma vya pembeni, akasimama anatazama maji mekundu. Malori yalipiga honi huku na huku. Askari wa kizuizi cha daraja na mbeba machela ndio waliomleta kwangu, mmoja amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma, vile unavyomshika mtoto kwenye ukingo wa kisima.

"Alitaka kujirusha?" niliuliza.

"Hakusema, mama," mbeba machela alijibu. Huyu ndiye aliyepigwa ngumi. "Hakusema kitu. Alikuwa ameshika chuma tu. Ilibidi tumfungue vidole."

Kimoja kimoja, alisema. Walimfungua vidole kimoja kimoja.

Kesho yake nilivaa buibui langu safi nikaenda kwa sista. Mikono mitupu, kwa sababu nilizunguka nyumba nzima sikuona cha kumpelekea mtu niliyemwagia chai. Nilimkuta anaosha vikombe.

"Sista."

"Mama. Nimesikia ya darajani."

"Kiti chake bado kipo?"

"Kipo. Sijakiondoa hata Jumanne moja."

Hilo nalo lilinichoma. Jumanne zote tatu alikaa pale mbele ya kiti kitupu. Hata kumngoja mwanangu, alimngoja kunishinda.

"Anakuambia nini?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuambia. Nikikuambia, hatakuwa na mahali pa kusemea."

"Mahali anapo. Mahali ni mimi."

"Ndiyo. Kwako ndiko anakotaka kubaki mtoto mzuri." Alipangusa kikombe. "Mambo haya ni machafu, mama. Hataki kuyamwaga kwenye mkeka wako."

Nilimwona ana maneno mazuri, nikamchukia zaidi. Lakini nilimwambia, "Nifanye nini basi? Nipe kazi. Siwezi kukaa."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Watu wanapita pale kuchungulia. Mtu akipita, wanaume wananyamaza wote. Kuna wengine hata wanakuja na chupa ya chai, wanajificha nyuma ya tangi."

Alikuwa ameniona toka mwanzo, shetani yule.

Basi nikawa mlinzi. Kila Jumanne nilikaa kwenye kona ya stoo na chai yangu, na kila aliyekuja nilimgeuza.

"Pita kule."

"Kwani njia imefungwa, mama?"

"Kuna nyoka."

"Nyoka gani?"

"Mkubwa. Pita kule."

Hospitali nzima iliamini kuna nyoka nyuma ya stoo. Hata daktari alizunguka. Mwenzangu mmoja wa soko la maziwa, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, alikuja kuhakikisha kwa macho yake.

"Abaayo, ni kweli? Umekaa hapa unamlindia mwanamke mwingine mwanao?"

"Ninauza chai."

"Kwa nani? Mbona hakuna mtu? Umewafukuza wote!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaza macho kwenye njia. Nyuma yangu nilisikia mnong'ono wa mwanangu, unapanda, unashuka, na sikugeuka. Kila neno alilompa yule niliona limetolewa kwenye mfuko wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taa ya mwizi. Nilisaga meno. Lakini nilikaa. Nikikumbuka vile vidole kwenye chuma, nilikaa.

Na alipona, au niseme alipoa. Si kwa mara moja. Sista alimkalisha kwenye gari milango yote ikiwa wazi, gari halitembei. Wiki nyingine aliendesha ndani ya ua wa hospitali tu, akizunguka bendera. Sista alikwenda naye kwa miguu mpaka mwanzo wa daraja, wakarudi. Wakati mwingine mpaka nusu, wakarudi. Watu walicheka, mwanamke wa Taita na dereva wa Kisomali wanatembea darajani kama wapimaji wa barabara, na wabeba machela nyuma yao wakitafuna karanga. Siku alipovuka mpaka ng'ambo na kurudi, mbeba machela alikuja mbio sokoni kuniambia. Nilifurahi nikalia, kisha nikauliza, "Alimshika mkono?" Akasema hapana. Nikafurahi zaidi.

Nyama ikarudi. Siku ya kwanza ya kuchinja, moshi wa maini ulifunika mji, na mwanangu alikula sahani mbili kwangu. Akanisimulia kidogo: mzee aliyekataa kupanda gari bila jogoo wake, mambo kama hayo. Nikapata tena cha kupeleka sokoni. Maziwa nayo yaliruhusiwa, nikarudi kwenye mstari wetu na kibuyu changu. Lakini ya siku zile za mafuriko hakuyasema hata moja, na maziwa yangu hakuyagusa. Chai ya rangi tu kwangu. Kwa sista, nyeupe. Hilo nililijua, kwa sababu Jumanne nilikuwa pale, na kugeuka kidogo kidogo niligeuka.

Nitasema hapa sababu, ingawa mimi niliijua miaka minne baadaye. Aliniambia mwenyewe. Alikuwa akinirekebishia ua, anafunga miiba, mgongo amenipa, na alisema kwa Kisomali. Katika siku zile tisa walimchukua bibi mmoja mzee upande wa Bura, anavuja damu, amelala kwenye machela na kibuyu chake cha maziwa amekikumbatia kifuani. Kwetu mtu akiingia kwako unampa maziwa, na bibi yule aliona yeye ndiye mkubwa ndani ya lile gari, kwa hiyo gari ni kwake na dereva ni mgeni wake. Akamnyooshea kibuyu. Mwanangu alikuwa na amri, na amri ilikuwa ya haki. Akasema hapana. Bibi akamuuliza, "Unakataa maziwa ya mama yako?" Walipofungua mlango hospitalini alikuwa amekufa, kibuyu kimesimama wima mikononi, hakuna tone lililomwagika.

Alibeba watoto waliokufa mwaka ule, alibeba wanaume wenzake. Kilichomkaa rohoni ni bibi huyo. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, siku ile ile aliyorudi, nilimwambia maneno yale yale. Nikamwambia tena mbele ya sista. Nikamwambia miaka minne, kila alipoacha kikombe changu.

Ningeweza kunyamaza mapema. Nilipewa nafasi, na nitasema jinsi nilivyoikataa.

Sista alihamishwa kabla mwaka haujaisha. Asubuhi ya kuondoka alikuja sokoni, begi begani, basi la Nairobi limeshawasha injini upande wa pili. Akina mama wote wa maziwa wakanyamaza, na nyinyi mjue hilo halitokei.

"Mama, naondoka."

"Nimesikia. Safari njema."

"Mwanao ameniomba jambo." Alichutama mbele ya kibuyu changu ili tulingane macho. "Ameniruhusu nikuambie kwa nini hanywi maziwa yako. Anasema akifika kwako mdomo unajifunga. Ni maneno machache tu, na yatawasaidia nyote wawili."

Nilitazama ng'ambo. Mwanangu alikuwa pale karibu na Land Rover, ameinama anakagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo. Mwili wangu wote ulitaka. Miezi mingapi nilikaa kwenye kona ile nikila kinyongo, nikitamani neno moja tu! Sasa lilikuwa pale, liko tayari kwenye mdomo wake. Na hapo ndipo nilipoona itakavyokuwa: yeye atakwenda zake Taita, na mimi nitabaki na siri ya mwanangu kwa sauti ya mtu mwingine. Kila nikimtazama mtoto niliyemzaa nitaona miwani ya kamba. Atakuwa ameninywesha na mimi chai yake.

"Cha mwanangu sipokei kwa mkono wa mwanamke mwingine," nikamwambia.

"Abaayo, wewe!" Ulimi wa pilipili haukuweza kujizuia. "Si ulikuwa unakufa kwa kutaka kujua? Pokea, mwanamke, basi linaondoka!"

Sista hakukasirika. Aliweka mkono kwenye mkeka wangu. "Mama, fikiria. Nisipokuambia mimi, huenda akakaa nalo miaka. Huenda asikuambie kabisa."

Basi lilipiga honi. Wanawake wote walikuwa wamenikodolea macho. Ng'ambo ya pili, mwanangu alikuwa ameacha gurudumu na kusimama wima. Nikachukua kifuniko cha kibuyu changu, nikakikaza.

"Cha mwanangu sipokei kwa mkono wa mwanamke mwingine."